Muulize Mwenye Nalo

Kwa msomaji aliyeingia leo: mie ni mshonaji wa viti vya magari. Nilianzia Tanga, Ngamiani, nikishona viti vya daladala kwa ngozi ya plastiki. Sasa niko Dayton, Ohio, katika gereji inayofufua magari ya kifahari ya Kimarekani ya kabla ya Vita vya Pili. Jina la ukurasa huu tumelichukua kwa Packard, kampuni ya zamani ya magari ya Kimarekani. Inasimuliwa kwamba mtu alimwandikia mwasisi wake, James Ward Packard, kuuliza kama magari yake ni mazuri, naye akamwambia karani wake ajibu: amuulize mwenye nalo. Tangu 1901 kampuni ikaitumia kauli hiyo kwenye matangazo yake. Mie sina Packard, ila nimelala chini ya mengi. Haya, tuanze.

Shikamoo Fundi. Nimeona picha ya gari la kizamani la Marekani, taa zake za mbele zimeota juu ya madigadi kama macho ya chura. Usukani uko kulia kama kwetu. Je, lilitengenezwa kwa ajili ya makoloni ya Waingereza? — Msomaji, Kigamboni

Marahaba, mwanangu. Hilo ni Pierce-Arrow, na lilitengenezwa Buffalo, New York, kwa matajiri wa huko huko. Mzee George Pierce alianza na vitu vya nyumbani, matundu ya ndege yakiwemo, akaja kwenye baiskeli, ndipo akafika kwenye magari. Taa za juu ya madigadi zilibuniwa na Herbert Dawley, hataza ikatoka 1914. Mteja asiyezipenda aliweza kuagiza taa za kawaida, lakini wengi walizitaka, maana usiku ukiliona linakuja unajua ni Pierce-Arrow kabla hujaliona gari lenyewe.

Kuhusu usukani, Wamarekani wanapita kulia, kwa hiyo dereva wa upande wa kulia anakaa ubavuni mwa njia ya waendao kwa miguu. Na dereva wa Pierce-Arrow mara nyingi alikuwa wa kuajiriwa. Akisimamisha gari, anashuka moja kwa moja kwenye ukingo wa barabara bila kukanyaga tope wala kukwepa farasi, anamfungulia bosi mlango. Wenzao karibu wote walihamia kushoto mapema, Pierce-Arrow wakang'ang'ania kulia hadi 1920. Rais Taft wa Marekani alipoingia Ikulu mwaka 1909, magari haya yalikuwa kati ya yale ya kwanza kununuliwa kwa ajili ya ofisi ya rais.

Nikiambiwa nichague gari moja la Kimarekani la zama zile, nachagua hili, na wenzangu gerejini hunicheka. Kisa ni bodi. Wengine walikunja bati juu ya mbao, Pierce-Arrow wakamimina aluminiamu kwenye kalibu kama sufuria, vipande vyembamba, halafu wakaviunga. Gonga mlango wake kwa kidole: unajibu kama chungu kizima. Na lile kubwa lao la nguvu farasi 66 lilikuwa na injini ya silinda sita yenye lita 13 na nusu. Lita! Lori lenu la mchanga huenda halifiki hapo.

Ndugu zetu Wakongo na Warundi mnaoishi Buffalo, makumbusho ya Pierce-Arrow yako hapo hapo mjini. Pelekeni watoto.

Fundi, mimi ni dereva wa malori, naishi Columbus. Mkulima mmoja ana Packard ya 1929, milango minne, imekaa ghalani miaka mingi. Anataka dola 18,000. Rangi imechakaa lakini bodi inaonekana nzima, viti vya ndani vipo. Injini haizunguki. Ninunue? Na nikinunua nianzie wapi, rangi au injini? — Kaka yako wa Ohio

Kaka, usianze na rangi wala injini. Anza na mbao.

Chini ya bati la gari hilo kuna kiunzi cha mbao, mti wanaouita ash, umeungwa kama fremu ya mlango wa Lamu. Bati limepigiliwa juu yake tu. Maji yakiingia kupitia paa (na paa la wakati ule katikati ni kitambaa kilichopakwa, si chuma), mbao zinaoza ndani huku bati linaendelea kukuchekea. Kwa hiyo fungua mlango wa nyuma nusu, ushike kwenye ncha, uinue kidogo kidogo. Bawaba zikicheza peke yake, hiyo ni kazi ndogo. Nguzo nzima ikinyanyuka pamoja na mlango, mshukuru mkulima, mwamkie mkewe, urudi kwenye lori lako. Kisha funua kapeti, chukua bisibisi nyembamba, ichome kwenye ubao wa chini ya milango. Ikizama kama kwenye papai, umeshajua. Nimeona kiunzi kizima kikichongwa upya. Seremala alikaa nacho majira mawili ya baridi.

Tazama pia vishikio vya milango na kabureta. Vitu vingi vidogo vya enzi hizo vilimiminwa kwa aloi ya zinki ambayo uzeeni inavimba na kupasuka yenyewe, hata kama haijaguswa. Huwezi kuilehemu. Kipande kimoja cha namna hiyo kinaweza kukutafutisha mwaka mzima.

Injini kutozunguka kusikutishe sana, ila usiruhusu mtu alivute gari kwa trekta ili "liwake". Toa plagi zote nane, mimina oili nyepesi ndani ya kila silinda, acha siku kadhaa, halafu jaribu kwa mkono, polepole. Hata likikubali, usiliwashe kabla hujashusha sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na kukomba tope la ndani. Beringi za magari mengi ya wakati ule ni metali laini nyeupe iliyomiminwa ndani ya koni rodi yenyewe, ile fimbo inayoshika pistoni, na mafundi wa kuimimina upya wamebaki wachache na foleni yao ni ndefu. Halafu utakuta kishikio kidogo upande wa dereva. Ukikivuta, oili inasukumwa kwenye vibomba vyembamba vya shaba hadi kwenye springi na viungo vya chini. Mfumo huo unaitwa Bijur. Vibomba hivyo vitakuwa vimeziba. Vizibue, watu wengi huvikata na kuweka nipo za grisi, kisha wanashangaa kwa nini mnunuzi anapunguza bei.

Sasa viti, na hapa ndipo nataka unisikilize kama mdogo wangu. USIVIGUSE.

Mwaka wangu wa pili hapa nilipewa sedani ya miaka hiyo hiyo, kiti cha nyuma. Kitambaa cha sufu kilikuwa kimeliwa na nondo, kimepauka rangi ya majivu. Mie kwa haraka ya ugeni nikashika kisu, nikakichana chote, nikakitia kwenye mfuko wa taka. Ndani nikakuta singa za farasi zilizosokotwa, chini yake gunia, chini yake springi zimefungwa kwa kamba mafundo manane kila moja. Nikafurahi mwenyewe, kazi safi. Saa kumi jioni mwenye gari akapita, akauliza: sampuli ya kitambaa iko wapi? Maana pale ukingo unapokunjwa na kupigiliwa chini ya kiti, jua halifiki. Pale ndipo rangi ya kiwandani ilipokuwa, kijani cha mwani chenye uzi wa dhahabu. Nilikuwa nimeiona, nikaipita. Taka ilikuwa imeshachukuliwa asubuhi. Tulikisia rangi, na mpaka leo kiti kile kina kijani cha kukisia. Sikufukuzwa kazi. Afadhali ningefukuzwa, kuliko yule mzee kuniambia tu "sawa" na kuondoka.

Kwa hiyo: kama kitambaa kinashika, kisafishe kwa brashi laini, weka dawa ya nondo, ukae juu yake. Siku hizi Marekani hata kwenye mashindano makubwa ya maonyesho ya magari ya kale kuna madaraja ya magari yasiyofanyiwa ukarabati, na hayo ndiyo mie huyaendea kwanza. Gari linaweza kupigwa rangi mara kumi, lakini la asili linakuwa mara moja.

Dola 18,000? Sedani ya milango minne ndiyo ya bei ya chini kuliko aina zote. Watu wanapigania zile za paa la turubai. Ukiifanyia kila kitu, utatumia kuliko itakavyouzwa. Mbao zikiwa nzima na viti vipo, mwambie mkulima kuna injini iliyokwama, muanzie chini, muishie mtakapokutana. Na hakikisha hati ya umiliki ina namba zilizo kwenye gari. Usikubali "nitakuletea baadaye".

Fundi, baba yangu Mombasa anabisha kwamba gari moja la Kimarekani la zamani liliuzwa kwa bei ya ghorofa kadhaa za Nyali. Mimi nasema ni porojo. Nani kashinda? — Binti wa Kisauni

Baba. Mwaka 2018, mnadani Pebble Beach, California, Duesenberg SSJ ya 1935 iliuzwa dola milioni 22. Zilitengenezwa mbili tu za namna ile. Hii ilikuwa ya Gary Cooper, na ya pili aliazimwa Clark Gable, wote waigizaji wa sinema.

Hata ikiwa mpya haikuwa ya mtu wa mshahara. Duesenberg J ilipotoka mwisho wa 1928, ulilipa dola 8,500 ukapata chasisi, injini na boneti. Hapo huna pa kukaa! Bodi ulikwenda kuagiza kwa mafundi wengine, kama Murphy wa Pasadena au LeBaron. Ford ya watu wa kawaida wakati huo ilikuwa kama dola 500 na nguvu farasi 40. Kampuni ilisema J ina 265. Kwenye dashibodi kulikuwa na taa ya kukukumbusha kubadili oili, nyingine ya kuangalia maji ya betri, na kipimo cha mwinuko kutoka usawa wa bahari. Zilitoka kama 480 hivi, mpaka kampuni ikafa mwaka 1937.

Ila mwambie baba asinunue bila miwani. Kwa kuwa bodi na chasisi vilikuwa vitu viwili, wenye magari walivibadilisha kama kanzu. Limosini ikavuliwa bodi ikavikwa ya wazi ya vijana. Injini ina namba yake inayoanza na J, fremu ina yake, na ukuta wa chuma ulio mbele ya dereva una yake. Klabu ya Auburn Cord Duesenberg ina wakaguzi wanaolinganisha zote kabla ya kutoa cheti. Tofauti ya bei kati ya gari lililobaki na bodi yake na lililobadilishwa ni hizo ghorofa mnazobishania.

Mwalimu wetu wa ufundi anasema Cadillac ndiyo iliyofundisha dunia kutengeneza spea. Kivipi? — Mwanafunzi wa VETA, Tanga

Nyumbani huko! Mwaka 1908, uwanja wa Brooklands, Uingereza. Wakaguzi walichukua Cadillac tatu, wakazifungua hadi nati ya mwisho, wakachanganya vipande vyote, vingine wakavitoa na kuweka vipya kutoka stoo. Mafundi wakapewa spana na bisibisi. Tupa marufuku. Wakaziunga tena tatu, zikawaka, zikakimbia maili 500. Wakati huo gari la kifahari la Ulaya lilitengenezwa kwa mkono, moja moja; pistoni ya hili hailiingii lile mpaka ukwangue. Henry Leland, aliyeiongoza Cadillac, alikuwa amejifunza vipimo kwenye viwanda vya bunduki na vyerehani. Kwa hiyo ukinunua bushi Barabara ya 12 ikaingia bila kupigwa tupa, mkumbuke huyo mzee. Mwaka 1912 Cadillac ikaleta starta ya umeme ya Charles Kettering, hendeli ya kuzungushia injini ikaacha kuvunja watu mikono.

Ami yangu, niko Maskati. Nyumba yangu haina nafasi ya gari la pili, seuze la kale. Naweza kukusanya nini? — Bi Mkubwa wa Ruwi

Shikamoo, bi mkubwa. Kusanya karatasi. Vitabu vya matangazo vya Packard na Pierce-Arrow vilichapishwa kwa michoro ya rangi, na havihitaji petroli. Vinyago vya boneti ni vizuri pia, yule mpiga mishale wa Pierce-Arrow na yule ndege wa Packard, lakini vya kughushi vimejaa sokoni. Cha zamani kimelika pale mkono ulipokuwa ukikishika kufungua kizibo cha rejeta. Cha bandia kimezeeshwa kote sawasawa. Ukija Marekani mwezi wa kumi, fika Hershey, Pennsylvania, kwenye gulio la klabu ya magari ya kale. Vaa viatu vya kutembea.

Fundi, na wewe mwenyewe unaendesha nini? — Msomaji, Lubumbashi

Toyota Camry, na kiti cha dereva kimechanika. Ila nina kopo la misumari midogo niliyoing'oa kwenye kile kiti cha kijani. Washonaji wa zamani waliijaza mdomoni, wakaitema mmoja mmoja kwenye nyundo yenye sumaku. Nimejaribu. Nimemeza mmoja.