Dawa za sonona si kukosa imani

Pole sana dada. Umeuliza kama kumeza dawa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ni kukosa imani. Hapana, hata kidogo. Soma 1 Wafalme 19: nabii Eliya amechoka, ameketi chini ya mti wa mretemu, anamwomba Mungu aiondoe roho yake. Malaika hamkemei, wala hakemei pepo. Anampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, Eliya analala tena, kisha malaika anamlisha mara ya pili. Hao wanaokuambia uzitupe dawa zako, mbona mwenye kisukari wanamwombea na insulini anachoma? Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na kuziacha ghafla kunaweza kukuumiza, kwa hiyo ongea na daktari kwanza. Maombi endelea nayo. Ukianza kuwaza kujidhuru, usingoje ibada ya Jumapili, nenda hospitali siku hiyohiyo na mtu unayemwamini.