Maswali na Majibu: Programu za Kugawa Mtaji wa Hisa

Nimeingiza bei za kaunta 12 (kampuni 12 zilizoorodheshwa) za Soko la Hisa la Dar es Salaam kwenye programu ya kupanga mgawo. Inasema niweke asilimia 68 kwenye benki moja ndogo. Nifuate? (Masasi)

Usifuate. Fungua safu ya bei za hiyo benki uitazame vizuri. Kwa mgawo wa namna hiyo, karibu kila mara utakuta bei ileile imejirudia wiki baada ya wiki, na safu ya hisa zilizouzwa imejaa sifuri. Programu haijui kwamba hakuna aliyenunua wala aliyeuza. Inachoona ni hisa isiyotikisika na isiyofuata wenzake wakipanda au wakishuka, na hesabu ya kugawa mtaji aliyoianzisha mwanauchumi Markowitz mwaka 1952, ambayo programu hizi huitumia, huipenda hisa kama hiyo kuliko zote. Inakurundikia mtaji mahali ambapo siku ukitaka kutoka hutapata mnunuzi. Nimelisema hili na nitaendelea kulisema, kwa sababu watu wanaweka fedha halisi kwa kufuata jedwali ambalo hawakulikagua.

Kabla ya kubonyeza chochote, chukua data za wiki za miaka miwili, yaani wiki 104. Kama kiasi kilichouzwa kiko safu ya D, andika =COUNTIF(D2:D105,0). Jibu likiwa 35 au zaidi, kaunta hiyo imelala zaidi ya theluthi ya muda; iondoe kwenye hesabu. Kampuni yenyewe inaweza kuwa nzuri, ila bei zake hazitoshi kuipimia hatari. Zilizobaki ziwekee kikomo: asilimia 25 kwa kampuni moja, na asilimia 40 kwa benki zote kwa pamoja. Ukibakiwa na kaunta sita tu, fanya kazi na hizo sita.

Na ongeza gawio kwenye faida ya kila hisa. Wengi wanasahau, kisha wanashangaa kampuni inayolipa gawio nono inapewa asilimia sifuri.

Data za siku au za wiki? (Nachingwea)

Za wiki. Za siku zina sifuri nyingi mno. Ila ukitumia PyPortfolioOpt (zana ya lugha ya Python ya kukokotoa mgawo), andika frequency=52, yaani wiki 52 kwa mwaka. Usipoandika, inachukulia siku 252 za soko kwa mwaka, na mtikisiko wa bei (kupanda na kushuka kwake) unaoonyeshwa unakuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa kweli.

Programu gani inajua hisa itakayopanda? (Kilwa Masoko, Mtama, Ruangwa na wengineo)

Hakuna. Swali hili naomba lisije tena. Anayekuuzia "roboti" ya faida ya uhakika kwenye kundi la WhatsApp, hasa malipo ya minada ya korosho yanapoingia benki, muulize leseni yake ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji na dhamana nchini. Akikwepa, usimtumie hata shilingi.

Solver ya Excel inanipa jibu tofauti kila nikianza na asilimia tofauti. Imeharibika? (Mwalimu, Newala)

Haijaharibika, Mwalimu. Solver ni zana ya Excel inayojaribu namba hadi ipate jibu bora. Faida za wiki ni namba ndogo, na mraba wake ni mdogo zaidi, kwa hiyo Solver inadhani imefika na kusimama mapema. Zidisha faida zote kwa 100 kwanza. Anza na mgawo sawa kwa kila kampuni, jumla iwe 1, na usiruhusu namba hasi.

Kisha achana na kutafuta faida kubwa kwa kila kipimo cha hatari. Iambie Solver ipunguze hatari peke yake. Hisa inayotikisika asilimia 25 kwa mwaka, ukiwa na data za miaka minne, wastani wake wa faida unaweza kukosea kwa asilimia 12.5, yaani 25 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 4. Wastani uliouona wa asilimia 12 hauwezi kutofautishwa na sifuri, nawe unaukabidhi kwa programu kana kwamba ni hati ya benki.

Kiwanda cha Dangote kipo hapa kwetu. Nakiingizaje? (Mtwara Mikindani)

Kiwanda kipo Mtwara, hisa za Dangote Cement zipo soko la Lagos. Kwa saruji, soko la Dar es Salaam utaipata kampuni ya Twiga Cement.

Nina laki tano. Kuna haja ya programu? (Tandahimba)

Hapana. Gawa sawa kwa kampuni tatu au nne zinazouzwa kila wiki. Watafiti DeMiguel, Garlappi na Uppal walipima mbinu 14 za kukokotoa mgawo, wakachapisha mwaka 2009: hakuna iliyoushinda mgawo sawa mara zote. Tena usibadilishebadilishe, maana ada hukatwa ukinunua na ukiuza. Subiri hisa moja ipite lengo lake kwa asilimia 10 ndipo urekebishe, na urekebishe kwa fedha mpya ya msimu badala ya kuuza. Fedha ya palizi na salfa (dawa ya mikorosho) isiguse soko la hisa kabisa. Mwezi Juni mikorosho haitasubiri dalali akutafutie mnunuzi.