Paka uliyemchukua akiwa mtu mzima: mi nilifundishwa kwa kucha

Siku tisa za mwanzo na paka wangu Sijali sikuwahi kumuona mzima mzima. Nilikuwa nayajua macho mawili yanayong'aa uvunguni mwa kitanda nikimulika na tochi ya simu (usimulike, nitafika huko), na asubuhi nalikuta bakuli limerambwa mpaka linang'aa. Basi. Mdogo wangu alikuja akashinda kwangu mpaka jioni, wakati anavaa viatu aondoke akaniuliza, "Dada, una uhakika humu ndani kuna paka? Isije ikawa unanunua mchanga tu."

Leo nacheka ila kipindi kile iliniuma. Sijali alikuja kwangu ana miaka kama 6, mwenyewe wa kwanza alihama akawa hawezi kwenda naye, na mimi nimekulia kwenye nyumba yenye paka tangu utoto kwa hiyo nikajiona mtaalamu. Kumbe wale wa nyumbani walikuwa wanazaliwa mbele yetu, unawabeba macho hayajafunguka, wanakua wakijua mkono wa mtu ni sehemu ya maisha. Mtoto wa paka kati ya wiki ya 2 na ya 7 hivi ndio anajifunza nani wa kumuamini, akishikwashikwa na watu vizuri kipindi hicho anakuwa na ile hali ya kuzoea watu maisha yake yote. Huyu mtu mzima alishapita huko zamani, mazuri na mabaya yake anakuja nayo, na wewe hukuwepo. Sasa unakuja na mikono yako unataka kumkumbatia siku ya kwanza, kwani mnajuana?

Kosa langu kubwa nilifanya siku ya pili. Nilijiambia nikimtoa pale uvunguni nikampakata dakika mbili tatu ataona mi sina ubaya. Nikalala chini kifudifudi, nikaingiza mkono, nikamshika shingoni nikavuta. Sijali hakulia hata, alinipa moja tu kuanzia kwenye kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko, mstari mmoja mrefu kama umepigwa rula, alafu akarudi kwenye kona ya mwisho kabisa ambako hata ufagio haufiki. Na hapo ikabidi nianze upya, tena sio kuanzia sifuri, kuanzia chini ya sifuri manake sasa alikuwa na ushahidi. (Ukikwaruzwa au kung'atwa usione aibu wala usipuuzie, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima kisha nenda hospitali, meno ya paka ni membamba yanaingiza uchafu ndani kabisa, na kama historia ya chanjo yake huijui kichaa cha mbwa sio cha mbwa peke yake.)

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: mpe chumba kimoja. Usimfungulie nyumba nzima ukidhani unamfanyia ukarimu, kwake nyumba nzima ni harufu mia mbili asizozijua kwa mpigo. Chumba kimoja, chakula upande huu, trei ya mchanga upande ule mbali na chakula, maji, na mahali pa kujificha ambapo amepachagua au umempa mwenyewe. Mi nilichukua boksi nikalikata matundu mawili, la kuingilia na la kutokea, manake paka akiwa na njia moja tu anajiona amenaswa. Nikatandika fulana yangu niliyoivaa siku mbili bila kufua. Ndio, nuka kidogo. Paka anakujua kwa pua kabla hajakujua kwa macho, na ile fulana ilikuwa inakaa naye masaa ambayo mimi sipo, haimsumbui, haimshiki, haimwambii "njoo njoo njoo".

Na kujificha sio kukukataa. Hii ilinichukua muda kuielewa. Mimi nilikuwa naona kama kanisusa, yaani nimeshaanza hadi kuongea naye kwa kisirani ("kaa huko huko basi, nani anakuhitaji"), wakati yeye alikuwa anafanya kile ambacho paka yeyote mwenye akili angefanya, anasikiliza. Alikuwa anajifunza mlango unalia vipi, naamka saa ngapi, nikikohoa kinafuata nini. Kuna usiku nilipiga chafya moja nzito na yeye ndio kwanza ametoa kichwa boksini, akapotea mpaka kesho yake jioni. Kwa chafya!

Kitu pekee ambacho sikukifanyia mzaha ni kula. Paka mzima akigoma kula siku mbili tatu ini lake linaweza kuharibika, mafuta yanajaa kwenye ini, na wanene ndio wako hatarini zaidi. Kwa hiyo kama siku nzima imepita hajagusa kitu mpigie daktari wa wanyama, usisubiri "azoee". Sijali alikuwa anakula usiku wa manane tu, nilijua kwa sababu nilikuwa namwekea chakula kwa kipimo kilekile kila jioni na asubuhi naangalia kimebaki kiasi gani. Pia nilimuuliza mwenyewe wa kwanza alikuwa anamlisha nini na mchanga wa aina gani, nikaanza navyo hivyohivyo, nikaja kubadilisha chakula kidogokidogo kwa kuchanganya, wiki nzima. Ukimhamisha nyumba, mtu, chakula na choo siku moja, jamani, hata wewe ungeingia uvunguni.

Basi nikawa naenda kukaa. Hiyo ndio kazi yenyewe, kukaa. Kila jioni naweka chakula, alafu nakaa sakafuni nimeegemea ukuta, nimempa ubavu, nasoma kwa sauti ya chini chochote kilichopo kwenye simu, habari, meseji za zamani, maelekezo ya mashine ya kufulia. Simuangalii. Paka akikodolewa macho anaona ni ugomvi, ndio maana nilisema tochi hapana, hebu fikiria umejificha na mtu anakumulika usoni huku anakutolea macho. Mwanzoni bakuli lilikuwa mbali kabisa na mimi, kila baada ya siku mbili tatu nalisogeza kidogo, upana wa kiganja hivi, sio zaidi. Akisita nalirudisha nyuma bila maneno.

Ya macho ina ufundi wake lakini. Ukikutana naye macho kwa bahati mbaya usikwepe kwa kushtuka, yafumbe taratibu kama mtu mwenye usingizi, kaa hivyo kidogo, yafumbue nusu, alafu geukia pembeni. Nilikuwa naona ni mambo ya watu wasio na kazi mpaka niliposoma kwamba watafiti wa chuo kikuu cha Sussex kule Uingereza waliipima hii na kutoa matokeo mwaka 2020, wakakuta paka wanamjibu mtu anayefumba macho hivyo kwa kufumba na wao, na hata mtu mgeni akifanya hivyo wanamsogelea kirahisi zaidi kuliko akiwa na uso mkavu. Nikajaribu nikiwa najiona mjinga kabisa, mtu mzima amekaa sakafuni anasinzia kwa makusudi. Usiku wa kumi na nne au na tano hivi, Sijali akafumba. Polepole, la kushoto likatangulia kidogo. Nilibana pumzi utadhani nimeona mwezi umeandama.

Kugusana kulikuja baadaye sana na sikukuanzisha mimi. Nilikuwa nimenyoosha miguu, nikasikia kitu cha baridi kwenye kidole gumba, pua. Alinusa kidole, akanusa unyayo, akarudi kwenye kidole kama vile anahakiki hesabu, alafu akageuza shavu akajisugua mara moja na kuondoka zake. Mashavuni, kidevuni na kwenye paji la uso wana tezi za harufu, akikusugua hivyo anakupaka, anakuingiza kwenye orodha ya vitu vyake pamoja na miguu ya kiti. Mimi nilifurahi kuwa daraja moja na kiti, sitanii.

Kuanzia hapo nikawa namnyooshea kidole kimoja usawa wa pua yake, nakiacha hewani kimetulia. Akija kujisugua namkuna shavu au chini ya kidevu, sekunde tatu, naacha. Naacha kabisa, naondoa mkono, naona atafanya nini. Akisogea tena tunaendelea, akikaa tu tumemaliza. Watu wengi (na mi nilikuwemo) wanaanza na kupapasa utosini kwa kupitishia mkono juu, kwa mnyama mdogo hivyo mkono unaotoka juu ni kama mwewe.

Hili la kuacha mapema nililielewa vizuri zaidi kwa Kibonge, dume la miaka minne hivi nililokuja kulichukua mwaka uliofuata. Huyu alikuwa kinyume cha Sijali. Katoka kikapuni akapanda mapajani kwangu siku ileile, ananguruma kama jenereta, nikasema hapa sasa nimepata paka wa kweli. Dakika tano za kumpapasa, ghafla kaninasa mkono kwa meno. Nikamuita msaliti, nikamuita majina mengine ambayo siyaandiki. Ila nilipoanza kumuangalia vizuri nikaona kumbe alikuwa ananiambia muda wote: ncha ya mkia inaanza kuchapa, ngozi ya mgongoni inacheza kama maji yakipulizwa na upepo, masikio yanageukia nyuma. Mtu wa kusoma hakuwepo. Na kunguruma sio lazima iwe raha, paka akiwa na maumivu au hofu naye ananguruma. Na akilala chali akakuonyesha tumbo anakwambia anajisikia salama, hajakuambia uliguse, hayo ni mambo mawili tofauti na tofauti yake ina kucha kumi na nane.

Kuwakutanisha wawili hawa ni stori nyingine ndefu, kwa kifupi vyumba tofauti, kubadilishana mablanketi ili wajuane harufu kwanza, kulishwa upande huu na ule wa mlango uliofungwa, wiki kadhaa, na trei tatu kwa paka wawili.

Michezo usiidharau kwa sababu ni mkubwa. Sijali hakutaka kuguswa lakini kamba iliyofungwa kwenye fimbo ilimshinda nguvu, na uzuri wa fimbo ni kwamba mnacheza pamoja huku mmeachana mita moja na nusu. Dakika tano mpaka kumi, mwache akamate mwishoni, usimnyime kila mara kama mtu anayemchezesha paka kwa taa zile nyekundu za leza ambazo hazikamatiki, alafu mpe chakula. Kuwinda, kukamata, kula, kujiramba, kulala. Ukiuheshimu huo mpangilio kila siku muda uleule unashangaa saa yake inaanza kuenda na yako, na kabla hujafika na fimbo yeye ameshakaa pale.

Utasikia ile ya siku 3, wiki 3, miezi 3, kwamba siku tatu hofu inapungua, wiki tatu anajua ratiba, miezi mitatu anajiona kwao. Kama makisio ni nzuri, ila usiigeuze deni. Sijali wiki ya tatu ndio kwanza alikuwa anatoka boksini nikiwemo chumbani. Paka ambaye hakuwahi kuishi na watu utotoni anaweza kuchukua mwaka, na wengine hawatakuja kupakatwa hata siku moja, watakupenda wakiwa mwisho wa kochi. Ila kitu kimoja utofautishe: aliyekuwa anatulia akibadilika ghafla, anajificha upya, anajisaidia nje ya trei, anakataa kuguswa mahali fulani, hiyo mara nyingi sio tabia ni maumivu, wakubwa hawa wana meno na viungo vya kuuma. Na dume likihangaika kwenye trei mkojo hautoki ni kukimbia kwa daktari saa hiyohiyo, halisubiri kesho. Usimpe hata kipande cha paracetamol, inaua paka.

Sauti ya Sijali niliisikia mara ya kwanza wiki ya sita. Nilikuwa jikoni nimechelewa kumpa chakula, nikasikia "nyau" moja fupi yenye mkwaruzo kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Paka wakubwa wenyewe kwa wenyewe ni nadra kuliliana hivyo, wakishakuwa watu wazima mlio huo wanautunza kwa ajili ya binadamu. Niligeuka nikamkuta mlangoni, mkia umesimama wima, ncha imekunjika kidogo kama kiulizo. Nikamjibu. Sikumbuki nilisema nini, ila sikumbeba, na mpaka leo huwa simbebi isipokuwa tunaenda kwa daktari.

Sasa ni mwaka wa tatu. Mapajani hajawahi kupanda, ni Kibonge ndio amepahodhi, Sijali analala kwenye nyayo zangu, uzito wote, mpaka zinakufa ganzi. Juzi usiku nimejilaza nasoma, nikapiga chafya, ileile nzito. Akashtuka, akaruka, akaingia uvunguni. Nikaendelea kusoma. Sikumaliza hata ukurasa mmoja nikahisi kitanda kimebonyea upande wa miguuni.