Faili likishaingia hifadhini haliguswi tena

Nyie mnaoanza kazi ya hifadhi ya kidijitali, kitu cha kwanza nataka kiwaingie ni hiki, faili likishaingia haliguswi tena. Haliguswi kabisa. Najua tumezoea unafungua, unarekebisha, unasevu kwa jina lile lile, na mimi ndivyo nilivyofanya nilipoanza, nikaletewa skani zilizosafishwa nikazibandika juu ya zile za mwanzo, baadaye mtafiti akaja kuuliza maandishi ya penseli pembeni mwa ukurasa yameenda wapi, kumbe aliyesafisha alidhani ni uchafu. Na bekapu nayo ilishachukua zile mpya. Iliniuma sana.

Tangu hapo nafanya kwa matoleo tu. Utaratibu wa OCFL (Oxford Common File Layout, kanuni za kupanga faili za hifadhi kwenye diski), ambao toleo lake la 1.0 lilitoka 2020, uko hivi: mkusanyo una folda yake, ndani mna v1, yaani folda ya toleo la kwanza, ukija na mabadiliko unafungua v2 na v1 unaiacha ilivyo. Hapa wengi wanaogopa, si tutajaza diski? Hapana. Kama v1 ina skani 400 na umerekebisha 3, v2 unaweka hizo 3, zile 397 zinatajwa tu kwenye inventory.json, faili la orodha, kwamba ziko v1. Hiyo inventory ndo roho ya kazi yote jamani, inashika kila faili kwa hashi yake, yaani alama ambayo kompyuta inaikokotoa kutoka yaliyomo ndani ya faili, kwa kawaida kwa njia ya SHA-512, mstari wa herufi na namba 128, halafu inasema kwenye toleo hili hashi hii inaitwa jina gani, kwa hiyo hata ukibadilisha jina la faili hukopi kitu, unaandika jina jipya kwenye orodha ya toleo jipya basi. Ila angalia, ukiondoa faili kwenye v3 bado lipo ndani ya v1, mtu akidai lifutwe kabisa usimwambie limeshafutika.

Hashi ya faili piga kabla ya kulituma hifadhini na upige tena likifika, zikitofautiana hata herufi moja usipokee.

Halafu msifungue toleo kwa kila kafaili kamoja, kusanya ya siku nzima ufunge mara moja, na pale kwenye ujumbe wa toleo usiandike "marekebisho", andika "ukurasa wa 12 umeskaniwa upya, ulikatika pembeni".