Kisu cha mfukoni, na mjomba aliyeshtuka

SWALI: Naishi Ufaransa, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikinunua visu vya kukunja vinavyofuliwa kwa mkono, hasa vya Laguiole. Sasa ninavyo 11, na kimoja sikiachi nyumbani. Juzi nilimwandikia mjomba wangu aliyeko Tanga kwamba "siku hizi nabeba kisu kila niendako." Akanipigia simu papo hapo kuuliza ni nani ananitafuta. Nimekosea wapi? Na kisu chenyewe nikiite cha mfukoni, cha kukunja au kijembe? Halafu, nina mkusanyo au mkusanyiko wa visu?

JIBU: Sarufi yako haina kasoro. Kilichomshtua mjomba ni kitenzi.

Kubeba, kwa matumizi ya wazee, ni kwa mtoto mgongoni na mzigo begani. Siku hizi kimetanuka, watu wanabeba hata simu na funguo. Lakini kikitangulia silaha, msikilizaji huona mtu aliyejiandaa kwa shari. Na shukuru hukuandika "natembea na kisu", maana mjomba angekusomea dua kabla ya kupiga simu.

Tazama vyombo vyenye makali tulivyovizoea, kila kimoja na kitenzi chake. Jambia huvaliwa: Mwomani akienda harusini hulifunga mbele ya tumbo juu ya kanzu, nalo ni pambo la heshima, hakuna anayekimbia. Sime hufungwa kiunoni ndani ya ala. Panga hushikwa, na aliyelishika alfajiri njia ya shambani hana wa kumuuliza. Kisu kidogo kilikuwa kikifutikwa. Kufutika ni kuchomeka kitu katika nguo uliyoivaa, kama bibi anavyofutika noti kwenye pindo la kanga. Ni neno zuri na nasikitika linapotea, ila halikufai wewe. Kufutika kuna harufu ya kuficha, na suruali yako haina pindo.

Njia iliyo salama ni kukitaja kisu kwa kazi yake. Muuza machungwa pale stendi ana kisu kilichonolewa miaka na miaka hadi kimebaki chembamba kama jani la mchaichai. Anazungusha chungwa, ganda linaning'inia kipande kimoja, na abiria wamemzunguka bila wasiwasi wowote. Kisu kile ni cha kumenyea. Cha mwenye bucha ni cha kukatia nyama, cha siku ya Idi ni cha kuchinjia. Kisu kisichotajiwa kazi, wasikilizaji watakitafutia wenyewe, nao hawatafikiria embe. Kwa hiyo mwandikie mjomba: "Nina kisu changu cha kumenyea matunda, hakinitoki mfukoni." Atalala.

Wala hutakuwa umemdanganya. Laguiole ni kijiji cha nyanda za juu za Aubrac, na kisu hiki, ambacho mwanzo wake hutajwa kuwa 1829, kilikuwa cha wakulima na wachungaji, cha kukatia mkate na jibini. Baadaye kikaongezwa kitu kama msharasi, ile sindano nene ya washona viatu, kisha kizibuo cha chupa za mvinyo, kwa kuwa watu wengi wa upande ule walihamia Paris kufanya kazi kwenye migahawa.

Sasa jina. Hiyo silabi ya kutendea niliyoitumia kwenye "kumenyea" ndiyo inayojibu swali lako. Wako wanaodai kwamba "kisu cha kukunja" kinaweza kueleweka kama kisu cha kukunjia vitu. Hapana, hicho kingekuwa "cha kukunjia". Kisu cha kukunja kinakunjwa chenyewe, sawasawa na kiti cha kukunja. Na ukitaka kukitumia, unakikunjua, wala hukifungui kama mlango. "Cha mfukoni" nalo ni sahihi, ila linataja mahali kinapokaa tu, na si kila kisu kinachoingia mfukoni kinakunjika. Mimi ningechukua "cha kukunja".

Kijembe kiache. Ni kisu kweli, kisu kidogo cha kuchanjia, kile cha kumtia mtu chale. Lakini maana ya pili imeimeza ya kwanza. Ukitangaza kwamba una vijembe 11, watu watajua unaelekea kwenye taarabu.

Umeandika "vinavyofuliwa", na hapo nimefurahi. Tunafua chuma, tunafua dhahabu, tunafua nguo, tunafua nazi. Mhunzi anapiga chuma juu ya fuawe kama dobi wa zamani alivyopiga nguo juu ya jiwe. Ila angalia: kinachofuliwa ni kengee, yaani lile bamba la chuma lenye makali. Mpini huchongwa, na mipini ya Laguiole ya jadi ni ya pembe ya ng'ombe. Upande wa pili wa makali ni mgongo. Kile chuma cha mgongoni mwa mpini kinachoizuia kengee isijikunje ovyo ni kamani, neno lile lile la saa za kutia ufunguo. Mafundi wengi wa kisasa watakwambia springi na utaelewana nao vizuri. Kwenye kisu chako, mwisho wa kamani umekaa mdudu mdogo ambaye wauzaji wengi humwita nyuki. Wafaransa huiita sehemu hiyo nzi. Ukiandika Kiswahili mwite nyuki tu. Nzi juu ya kisu cha chakula atamkosesha mjomba hamu ya kula.

Mkusanyo au mkusanyiko? Kukusanya kumezaa mkusanyo, kukusanyika kumezaa mkusanyiko. Watu uwanjani wamekusanyika, huo ni mkusanyiko. Visu vyako havikukutana vyenyewe kabatini, wewe ndiye uliyevinunua kimoja kimoja. Una mkusanyo. Magazeti yanachanganya maneno haya kila siku na sitaligombania sana jambo hili, lakini umeuliza.

La mwisho hukuliuliza. Ukienda Tanga ukataka kumpelekea mjomba kimoja, kitie kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, si kwenye begi la mkononi. Na afisa wa uwanja wa ndege akikuuliza, mwambie kwenye sanduku kuna kisu cha kukunja, cha zawadi. Usimwambie umekibeba.