Kituo kiko mita 500, mbona watu wanatembea?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu unahusu usawa wa usafiri katika Jiji la Arusha. Nimechora njia za daladala na kuzungushia kila kituo duara la mita 500. Ramani inaonyesha kata nyingi zimehudumiwa, hata za pembezoni kama Muriet na Olasiti. Lakini nikiongea na wakazi, wengi wanakwenda kazini kwa miguu au wanapanda bodaboda. Msimamizi wangu anapendekeza nitumie kipimo cha Gini na nikusanye data kwa programu ya simu. Nina pia sura moja kuhusu mahali pa kuweka vituo vya kubadilishia betri za bodaboda za umeme, vikitumia sola. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Duara la mita 500 linapima umbali wa mtu hadi barabarani, basi. Halisemi gari likija lina nafasi, linaishia wapi, wala safari nzima inamgharimu abiria kiasi gani. Kwa Arusha lina tatizo la ziada: mito ya Themi, Naura, Burka na Ngarenaro yote inateremka kutoka Mlima Meru kuelekea kusini, kwa hiyo kwenda mashariki au magharibi kunategemea daraja liko wapi. Mitaa miwili inayotazamana ng'ambo ya mto inaweza kuwa ndani ya duara moja kwenye kompyuta yako huku mtu akizunguka nusu saa kufika. Hatua ya kwanza ni kuacha mstari ulionyooka na kupima kwa njia za miguu zilizomo OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, ukiongeza mwenyewe vichochoro na vivuko ambavyo havijachorwa.

Unachokitafuta ni ufikivu: mtu akitoka nyumbani kwake, kwa dakika kadhaa na shilingi kadhaa, anafikia nafasi ngapi za kazi, masoko mangapi, shule na vituo vya afya vingapi. Walter Hansen aliliweka wazo hili kwenye hesabu mwaka 1959, na tangu hapo limeboreshwa sana, ila watafiti wengi bado wanahesabu dakika na kusahau shilingi. Kwetu shilingi ndiyo inayokata.

Chukua mfano wa kudhania. Mtu anakaa Muriet, anafanya kibarua Njiro. Njia nyingi za daladala zinavutwa kwenda katikati ya mji, kwa hiyo analazimika kupanda gari la kwanza hadi mjini kisha la pili kutoka mjini. Kwa viwango vya LATRA, mamlaka inayodhibiti nauli, vya Desemba 2023, njia isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600. Magari mawili kwenda na mawili kurudi ni 2,400. Akilipwa 10,000 kwa siku, karibu robo imeishia kwa konda kabla hajanunua unga. Akiongeza bodaboda ya 1,000 asubuhi kwa sababu kumenyesha, ni theluthi. Huyu kwenye ramani yako "amehudumiwa", na wewe umemkuta anatembea. Amepiga hesabu vizuri kuliko ramani.

Kwa hiyo weka vizingiti viwili kwa pamoja, mathalani dakika 60 na shilingi 600, halafu dakika 60 na shilingi 1,200, uone idadi ya kazi zinazofikika inavyobadilika kwa kila mtaa. Programu huria ya r5r, iliyotengenezwa Brazil, inafanya hesabu ya muda na nauli kwa pamoja, na haidai kompyuta ya gharama kubwa.

Kuhusu Gini, sitakushauri uifanye ndiyo matokeo makuu. Gini inapima tofauti kati ya watu. Mji ambao kila mkazi anateseka sawasawa utapata sifuri, alama nzuri kabisa. Iweke kwenye jedwali kumridhisha msimamizi, lakini swali la haki ni wangapi wako chini ya kiwango kinachovumilika, ni akina nani, na wanaishi wapi. Kiwango hicho usikitoe hewani. Waulize wakazi wenyewe kupitia mikutano ya mitaa, kisha utetee jibu lao.

Sasa data. Nairobi walishatuonyesha njia. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa vyuo vya Marekani vya MIT na Columbia walitoa ramani ya njia zaidi ya 130 za matatu. Wanafunzi walipanda magari wakirekodi safari kwa simu, na matokeo yakawekwa katika muundo wa GTFS, namna ya pamoja ya kuandika njia, vituo na ratiba ili kompyuta izisome. Muundo huo ulizaliwa Portland, Marekani, mwaka 2005, kwa mabasi yenye ratiba. Vifodi vyetu, yaani daladala za Arusha, havina ratiba, ila GTFS inaruhusu kuandika "gari kila dakika nane" badala ya saa kamili ya kuondoka, kwa hiyo inatosha.

Jambo moja ramani ya njia zenye leseni haitakuonyesha kamwe: kukatisha ruti. Dereva ana hesabu ya bosi ya kutimiza kabla hajaanza kula chake. Saa moja jioni abiria wa kwenda mwisho wa njia wakiwa wachache, anageuzia katikati, waliobaki wanaambiwa washuke. Kwenye karatasi njia inafika, ila kwa abiria wa saa hiyo haipo. Mweke mtu ndani ya gari mwenye simu inayorekodi mahali kila sekunde tano hadi kumi, asubuhi, mchana na usiku, kisha linganisha pale gari lilipogeuzia na mwisho wa njia ulioandikwa kwenye kibali. Binafsi naona sura hiyo moja ina thamani kuliko Gini yote, kwa sababu msimamizi wa leseni anaweza kuifanyia kazi kesho yake.

Mwambie pia mrekodi ahesabu wanaoachwa kituoni, hasa wanafunzi. Kwa viwango hivyo vya 2023 nauli yao ni 200, na kila aliyewahi kusimama kituo chochote asubuhi anajua konda anavyofanya uso akiona sare za shule. Gari limepita kwa wakati na kiti kilikuwepo, mtoto kabaki. Hakuna setilaiti itakayokuletea hilo.

Programu ya simu kwa wakazi ni jambo lingine, na hapo kuwa mwangalifu. Itakuletea wenye simu janja, wenye bando, na wenye chaji ya kutosha kuacha GPS wazi siku nzima. Mama mwenye kitochi anayempeleka mtoto shule, akapitia soko la Kilombero kuchukua mboga, kisha akaenda kwenye genge lake, hatakuwemo, na ndiye ambaye safari zake zimevunjika vipande vipande, kila kipande na nauli yake. Usidhani utamrudisha kwa kupandisha uzito wa takwimu mwishoni; uzito unakuza waliomo kwenye sampuli, asiyekuwemo hapatikani. Gawa sampuli kwa mitaa ukitumia sensa ya 2022, fanya mahojiano ya nyumba kwa nyumba, na programu ya simu itumike kwa sehemu tu ili kusahihisha muda ambao watu wanautaja kwa kukadiria. Na dodoso lisiulize "safari ya kazini" peke yake. Uliza safari zote za jana, tangu alipotoka mlangoni.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu moja kwa moja: mahali simu inapolala usiku ni nyumbani kwa mtu. Kata mita 300 za mwanzo na mwisho wa kila safari kabla faili halijatoka kwako, na ramani za kuchapisha ziishie ngazi ya mtaa.

Vituo vya betri. Wengi wanaanza na paneli, wewe anza na mahitaji. Pikipiki ya umeme inakula takribani yuniti 3 hadi 4 kwa kilomita 100. Kijiwe cha bodaboda 20, kila moja ikienda kilomita 100 kwa siku, kinataka hadi yuniti 80. Kwa jua la Arusha kilowati moja ya paneli inatoa wastani wa yuniti 4 hivi kwa siku, ina maana unahitaji kilowati 20, na hizo zinachukua karibu mita za mraba 100. Paa la banda la kijiwe, tuseme mita 10 za mraba, litalisha pikipiki mbili. Juni na Julai mawingu yakikaa mjini wiki nzima, hata hizo mbili zitalalamika. Andika wazi kwamba mhimili ni umeme wa TANESCO na sola inapunguza bili, au tafuta paa kubwa la shule au soko.

Mahali pa kuweka? Ukifuata wingi wa magari, vituo vyote vitaangukia katikati ya mji. Lakini bodaboda inayomfaa yule mtu wa Muriet ni ile inayomtoa ndani hadi lami, na dereva akilazimika kuja mjini kubadilisha betri, safari hiyo tupu ataiweka kwenye bei ya abiria. Tumia jedwali lilelile la ufikivu: mitaa iliyo chini ya kizingiti ndiyo ipewe vituo kwanza, kisha upime bei ya kilomita inashuka kiasi gani.

Kuhusu majira: mionzi ya jua ipime Julai, usipange mfumo kwa takwimu za Januari. Safari za watu, kama bajeti inatosha mzunguko mmoja tu, zikusanye Aprili shule zikiwa wazi, masika yakiwa yamekolea na barabara za udongo zimeshaanza kukataa magari.