Usiharakishe kufungua ukurasa wa pili

Mwalimu mgeni wa darasa la awali akiniuliza aanzie wapi kuwasomea watoto hadithi, humwambia achague kitabu kimoja akisome wiki nzima. Wengi hucheka. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nasoma hadithi mpya kila siku na kujiona mchapakazi. Nikimaliza, nafunga kitabu na kuuliza, "Hadithi inatufundisha nini?" Darasa zima: "Tuwatii wazazi!" Hadithi ya sungura na fisi, tuwatii wazazi. Hadithi ya mvua, tuwatii wazazi. Walishajua jibu linalomridhisha mwalimu, basi kusikiliza kwa nini?

Siku hizi nauliza katikati, kabla sijafungua ukurasa. "Mbuzi ameukuta mlango wa duka wazi. Atafanya nini?" Halafu nanyamaza. Hapo ndipo pagumu, maana ulimi wa mwalimu una haraka. Hesabu kimoyomoyo hadi tano. Mmoja atasema ataingia, mwingine atakula unga, na yule wa nyuma asiyesema kitu atanong'ona, "Atapigwa." Mwulize kwa nini. Akikujibu kwa Kisukuma cha nyumbani, lipokee jibu, lirudie kwa Kiswahili, msonge mbele.

Siku ya pili watadakia wenyewe kibwagizo: "Mbuzi huyo! Mbuzi huyo!" Siku ya tatu, pitisha kidole chini ya maneno unaposoma. Niliwahi kuwa na mtoto aliyeshika kitabu juu chini akakisimulia chote, hata sauti ya mwenye duka akaiiga. Nusura nimcheke. Kumbe alishajua mengi: kwamba kitabu kina hadithi, na hadithi ina mwanzo na mwisho. Alichokuwa hajakijua ni kwamba maneno yanatoka kwenye yale maandishi, si kwenye picha. Kidole kinachotembea kutoka kushoto kwenda kulia kilimwonyesha hilo, wala sikutoa hotuba.

Siku ya nne ni ya makofi. Mbuzi: mbu-zi, makofi mawili. Mbwa je? Wengi watapiga moja. Litamke polepole: m-bwa. Nayo ni mawili! Ile m ya mbwa inasimama peke yake kama ya mtu na mtoto, lakini ya mbuzi imeshikana na silabi yake. Usiwaeleze hivyo, watasinzia. Waache wapige makofi mpaka masikio yazoee. Ukifika wakati wa kuandika, utaona "mutu" na "mutoto" zikipungua kwenye madaftari. Ndiyo maana nabishana na wanaoiweka hadithi mwisho wa kipindi, KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ikishakwisha, kama pipi ya kuwatuliza.

Watoto wakiwa sabini, kitabu kidogo hakiwafai; wa nyuma wataona kiwiko chako tu. Shona karatasi kubwa nne za manila kwa uzi, andika kwa herufi kubwa, chora. Mbuzi wangu alifanana na mbwa, na wanafunzi hawakunificha. Darasa likibana, watoe kwa makundi kwenye mkeka chini ya mwembe, waliobaki wachore.

Na nyumbani? Usimwambie bibi asiyejua kusoma kwamba hana la kumsaidia mjukuu. Ana paukwa pakawa zake. Mwombe amsimulie moja jioni. Kesho mtoto aichore, nawe uandike chini ya picha sentensi ile ile aliyoitamka, usiipambe. Hiyo ndiyo isomwe darasani siku hiyo. Iliyopendwa kupita zote mwaka jana kwangu ilikuja kwa njia hiyo: kurasa mbili tu, fisi kaenda harusini na kanzu ya kuazima, na mwenye kanzu naye kaalikwa.